Mzee mmoja, kliniki tatu: nani ashike orodha ya dawa?

Muuguzi alikifungua kile kitenge juu ya kitanda, akaanza kuhesabu. Kulikuwa na amlodipini na losatani za presha, metifomini na glibenklamidi za sukari, aspirini ya moyo, diklofenaki ya magoti, amitriptilini ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka ilianza lini, na Plasil ambayo mgonjwa mwenyewe alikuwa akiinunua kila tumbo lilipomsumbua, kwa karibu miaka miwili. Dawa nane, kutoka kliniki tatu na duka moja la dawa. Mama mkubwa wangu alikuwa na umri wa miaka 74, ilikuwa siku yake ya pili wodini baada ya kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto, na ule mkono wa kulia uliobaki na nguvu ulikuwa ukitetemeka tangu mwaka uliopita. "Shikamoo bibi," muuguzi alimwambia, "hizi zote huwa unakunywa saa ngapi?" Akajibu kwa ulimi mzito: "Marahaba. Ninazozikumbuka, mjukuu wangu." Majina yote manane yakaandikwa kwenye faili, na jioni yakaongezwa mawili: atovastatini kwa ajili ya mafuta ya damu, na Artane kwa ajili ya ule mkono unaotetemeka.

Nimeanza na kitenge hicho kwa sababu mjadala ninaotaka kuupima umo ndani yake. Mgonjwa mzee anayelazwa kwa maradhi ya mfumo wa fahamu, yaani ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, ni nadra awe na ugonjwa mmoja. Analazwa kwa kiharusi, kifafa, ugonjwa wa kutetemeka au maradhi ya kupoteza kumbukumbu, huku akiwa tayari na presha, kisukari, moyo unaodunda ovyo, figo zilizochoka na magoti yanayouma. Swali linalogawa watu wenye nia njema ni hili: je, kila ugonjwa utibiwe kwa ukamilifu kama mwongozo wake unavyoagiza, au ifike mahali daktari achague yapi ya kutibu na yapi ya kuacha?

Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alvan Feinstein, alitunga neno la kitaalamu kwa magonjwa yanayoandamana na ugonjwa mkuu. Katika fikra hiyo kuna ugonjwa mmoja ulio mwenye nyumba, na mengine ni wageni wanaomtatiza. Baadaye waganga wanaohudumia wazee walianza kusema kwamba picha hiyo haiwatoshi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na magonjwa matano na hakuna hata mmoja ulio mwenye nyumba. Tofauti hiyo inaonekana ya maneno tu, lakini wodini ina uzito wake. Faili ikiandikwa "kiharusi" juu, kila kitu kingine kinashuka chini kwa herufi ndogo, na kinachoandikwa kwa herufi ndogo huangaliwa kwa jicho dogo.

Ni kweli kwamba kiharusi kina wazazi wanaojulikana. Presha ya muda mrefu huchakaza mishipa midogo ya ubongo, kisukari huiziba, na moyo unaodunda bila mpangilio hutengeneza mabonge ya damu yanayosafiri hadi kichwani. Mishipa hiyohiyo ikiendelea kuziba kidogokidogo bila mgonjwa kupooza, kumbukumbu hupotea taratibu, na jamaa husema mzee amekula chumvi nyingi. Kisukari nacho huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akanyage msumari asijue, na metifomini inayokitibu inaweza, ikitumiwa kwa miaka, kupunguza vitamini B12, ambayo ikikosekana huharibu mishipa ileile ya miguu na kuvuruga kumbukumbu pia. Halafu maradhi ya mfumo wa fahamu yenyewe huzaa mengine. Aliyepoteza uwezo wa kumeza hupaliwa na uji ukaingia mapafuni, akapata nimonia. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia. Aliyewekewa mpira wa mkojo kwa wiki tatu hupata maambukizi, na maambukizi kwa mzee mara nyingi hayaji kwa homa bali kwa kuweweseka. Kwa hiyo orodha ya magonjwa kwenye faili si ya vitu vilivyokutana kwa bahati. Ni ukoo.

Kwa upande wetu wa dunia, hatuzungumzi gizani. Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, ni mojawapo ya sehemu chache barani Afrika ambako maradhi haya yamehesabiwa nyumba kwa nyumba. Hesabu ya wagonjwa wapya wa kiharusi iliyofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ilionyesha, baada ya kusawazisha tofauti za umri, takriban watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 jijini Dar es Salaam, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Uchunguzi wa baadaye wa wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi ulikuta asilimia 6.4 wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na karibu saba kati ya kila kumi wana presha. Walipotafutwa wenye ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson, walipatikana 33 katika wilaya yenye watu zaidi ya 160,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa huo.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo silaha kuu ya wanaotaka kila ugonjwa utibiwe, nami naiheshimu. Hoja yao ni kwamba mazungumzo ya kupunguza dawa ni ya nchi ambako mzee ana kabati lililojaa, wakati huku kwetu mzee hana hata kidonge kimoja. Presha yake haijawahi kupimwa. Kutetemeka kwake kumeitwa uzee, au jini, au mkono wa mtu. Kumwambia daktari wa wilayani "chagua" ni kumpa ruhusa ya kufanya kile ambacho amekuwa akikifanya siku zote, yaani kutazama kichwa chenye mvi na kuhitimisha kwamba huo ni uzee tu. Wanaongeza kwamba kulazwa hospitalini ni nafasi adimu. Mzee aliyetoka kijijini akafika wodini hatarudi upesi, kwa hiyo siku zilezile kumi ndizo za kupima sukari, figo, moyo na damu, na kuanza dawa zote anazostahili kabla lango halijafungwa nyuma yake.

Wana ushahidi pia. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao HYVET, uliowafuatilia watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi katika Ulaya, China, Tunisia na eneo la Australia. Kabla yake madaktari wengi waliamini kwamba kushusha presha ya mtu wa umri huo ni kumtafutia balaa. Waliopewa dawa, kwa lengo la 150 kwa 80, walikufa wachache kuliko waliopewa vidonge tupu visivyo na dawa: vifo vyote vilipungua kwa asilimia 21, na vifo vya kiharusi kwa asilimia 39. Kwa watu wa upande huu, hapo mjadala wa umri ulikwisha. Miaka 80 si sababu ya kumnyima mtu dawa ya presha.

Lakini utafiti huohuo ukisomwa hadi sehemu inayoeleza nani hakuruhusiwa kuingia, unageuka kuwa shahidi wa upande wa pili. Wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu waliachwa nje. Waliohitaji uangalizi wa muuguzi waliachwa nje. Aliyepata kiharusi cha kuvuja damu katika miezi sita iliyotangulia aliachwa nje, na ambaye presha yake ilikuwa chini ya 140 akiwa amesimama naye aliachwa. Waliobaki walikuwa wazee wakakamavu. Yule aliyelala kitanda cha pembeni, mwenye mpira puani na asiyejua leo ni siku gani, hakuwamo, na dawa anazopewa leo zimethibitishwa kwa watu wasiofanana naye. Hali hii haiwahusu watafiti wa presha peke yao, kwani majaribio mengi ya dawa huwaepuka wenye magonjwa mengi kwa sababu wanachafua hesabu.

Wanaotaka uchaguzi wana mfano mwingine maarufu. Mwaka 2005 Cynthia Boyd na wenzake wa Marekani walimbuni bibi wa kufikirika, mwenye miaka 79 na magonjwa matano ya kawaida, wakamwandikia dawa kwa kufuata kila mwongozo neno kwa neno. Ikatoka orodha ya dawa 12, yenye gharama ya dola 406 kwa mwezi, pamoja na ratiba ya kula, kupima na kufanya mazoezi ambayo mtu mzima wa afya angeishindwa. Nyingine zilipingana zenyewe kwa zenyewe. Na katika magonjwa yale matano hapakuwamo hata mmoja wa mfumo wa fahamu. Mwongezee kiharusi na usahaulifu, kisha muulize ni nani atakayekumbuka kidonge cha saa nane mchana.

Katika maradhi ya ubongo mgongano wa dawa huwa mkali zaidi, kwa sababu ubongo ulioumia hauna akiba. Kabamazepini ya kifafa hupunguza nguvu ya dolutegravi, dawa iliyo ndani ya kidonge cha kufubaza VVU kinachotumiwa na wengi nchini. Hili si la wageni wachache, kwa kuwa walioanza dawa hizo mpango wa taifa ulipozinduliwa mwaka 2004 sasa wengi wao wanaitwa babu na bibi, na wanapata viharusi na vifafa vya uzeeni kama wenzao. Dawa za maumivu kama diklofenaki hupandisha presha ambayo dawa nyingine inahangaika kuishusha, na pamoja na losatani huzibana figo. Dawa ya Parkinson hushusha presha mgonjwa anaposimama, na akiwa tayari ana dawa mbili za presha, safari ya kwenda chooni alfajiri huishia kwenye nyonga iliyovunjika.

Narudi kwenye kitanda cha mama mkubwa, kwa sababu mambo matatu yalitokea mbele ya macho yangu.

La kwanza ni la siku ya tatu. Dawa zilipita saa kumi na mbili asubuhi, naye akapewa glibenklamidi yake kama ilivyoandikwa. Katika wodi ile, kama katika hospitali nyingi za umma, chakula cha maana hutoka nyumbani, nasi tulikuwa nje ya geti na chupa ya uji tukisubiri saa ya kuona wagonjwa. Tulipoingia tulimkuta ametota jasho, ulimi umezidi kuwa mzito, na upande wa kushoto haujibu kabisa. Dada yangu akalia kwamba kiharusi kimerudi. Daktari wa zamu, kijana mwembamba ambaye nadhani hakuwa amelala, alimtoboa kidole kabla ya kusema lolote. Sukari ilikuwa 2.4, chini mno. Walipompa maji ya sukari kwenye mshipa, baada ya dakika ishirini hivi alirudi alivyokuwa jana yake. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikidhoofu hukaa zaidi. Ilikuwa imewekwa kwenye orodha za dawa za kuepukwa kwa wazee zamani, lakini ni ya bei nafuu na inapatikana kila mahali.

La pili ni la usiku wa siku ya tano. Alianza kuwaita ndugu waliokwisha kufa, akavua shuka, akamwambia muuguzi atoe mbuzi ndani. Mkojo ukagoma. Akawekewa mpira, na siku tatu baadaye mkojo ukawa na uvundo. Sasa amitriptilini na Artane ni dawa mbili tofauti zenye tabia moja: zote hukausha kinywa, huzuia mkojo na huvuruga akili ya mzee. Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizofanya yote hayo, maana kiharusi chenyewe na wodi ngeni zinatosha kumchanganya mtu. Ninachosema ni kwamba zilipoondolewa, mbuzi wakaondoka.

La tatu nililielewa baadaye. Mfamasia mmoja, akipitia kadi yake, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mkono ulianza kutetemeka kabla au baada ya Plasil? Baada. Plasil hufunga ubongoni milango ileile ambayo ugonjwa wa Parkinson huidhoofisha, na mzee anayeitumia kwa muda mrefu anaweza kutetemeka na kukakamaa kama mgonjwa halisi. Kwa hiyo dawa ya tumbo ilizaa kutetemeka, kutetemeka kukaletewa Artane, Artane ikachangia kuzuia mkojo, mkojo ukaletewa mpira, mpira ukaleta maambukizi, na maambukizi yakaletewa sindano za antibayotiki. Kwenye faili hilo lilionekana kama magonjwa manne mapya. Kwa hakika ulikuwa uzi mmoja, na ncha yake ilikuwa ndani ya kitenge siku ya kwanza, mbele ya kila mtu.

Je, mkasa huu unathibitisha kwamba wanaotaka kupunguza dawa wana haki? Kwa mtazamo wangu, nusu tu. Presha ya mama mkubwa ilikuwa haijatulia kwa miaka, na laiti ingetibiwa sawasawa, pengine kiharusi kisingekuwapo. Alikuwa mgonjwa aliyekosa tiba na aliyezidishiwa tiba kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kambi zote mbili huteleza, kwa sababu kila moja hudhani inazungumza juu ya mzee mwingine. Mzee asiye na dawa na mzee mwenye dawa kumi mara nyingi ni mtu mmoja aliyevuka geti la hospitali. Nje alikuwa peke yake, ndani wakamjia wote kwa siku tano. Idadi ya dawa si kipimo cha ubaya wala cha wema. Kilichokosekana katika kisa hiki ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuishika orodha nzima na kuuliza kila jina limefuata nini.

Nani awe mtu huyo? Hapa nako kuna pande mbili, na kila mmoja ana hoja. Bingwa wa mishipa ya fahamu atasema kwamba saa za mwanzo za kiharusi hazina mchezo. Kuna kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, cha kujua kama damu imeganda au imevuja, maana aspirini inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Na kuna lile jambo linalowashangaza jamaa wengi, kwamba katika kiharusi cha kuganda presha ya juu huachwa kwa makusudi siku za kwanza isipovuka takriban 220 kwa 120, ili damu ilifikie eneo la ubongo lenye njaa. Daktari wa kawaida aliyezoea kushusha kila presha anayoiona anaweza kuua sehemu ya ubongo iliyokuwa inapona. Hoja hiyo siipingi hata kidogo. Tatizo ni kwamba mabingwa hao ni wachache mno nchini, wengi wao wako hospitali kubwa za mijini, na kuwafanya washike magonjwa ya sukari na magoti ni kutumia panga la dhahabu kukata kuni.

Daktari wa magonjwa ya ndani, au yule wa wazee tungekuwa naye wa kutosha, ana historia ndefu upande wake. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex, London, alikabidhiwa wodi za jirani zilizokuwa makao ya maskini, zenye mamia ya wazee waliolala tu. Wengi walikuwa wamepooza kwa kiharusi na kuitwa wasiopona. Aliwapima mmoja mmoja, akawatenganisha wenye akili timamu na waliochanganyikiwa, akawainua vitandani, akawapa mazoezi na fimbo, na wengi wakarudi makwao. Hakugundua dawa yoyote mpya. Alichofanya ni kumtazama mtu mzima badala ya kiungo kilichopooza. Kazi aliyoianzisha baadaye ilipimwa kwa majaribio, na mkusanyo wa majaribio 29 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wazee wanaopimwa kwa ujumla wao na timu moja wakiwa wodini wana nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai nyumbani kwao miezi kadhaa baadaye. Vifo peke yake havikupungua, na nchi tisa zilizohusika nyingi zilikuwa tajiri. Nalitaja hilo kwa sababu watetezi wa utaratibu huu hupenda kulipita upesi.

Mwelekeo wangu, basi, ni kwamba bingwa wa ubongo aongoze siku za mwanzo, kisha orodha ihamie mikononi mwa daktari mmoja wa magonjwa ya ndani kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na jina lake liandikwe. Mfamasia awe kwenye raundi, asibaki dirishani. Katika wodi nyingi hilo halihitaji fedha mpya bali kupanga upya watu waliopo, ingawa najua wodi yenye wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini husikia ushauri wa namna hii kama kejeli.

Kuna wanaotaka kompyuta au alama zifanye uchaguzi huo. Alama mashuhuri kuliko zote ilitengenezwa na Mary Charlson mwaka 1987 kutokana na wagonjwa 559 waliolazwa katika hospitali moja ya New York: kisukari kisicho na madhara kilipewa alama moja, usahaulifu moja, kupooza upande mbili, ukimwi sita. Alama sita za ukimwi zilikuwa za haki mwaka 1987. Leo mtu anayekunywa dawa zake vizuri angepewa hukumu ya kifo na jedwali lililotungwa kabla ya dawa hizo kuwapo. Alama hizi zinafaa kulinganisha hospitali na hospitali. Haziwezi kujibu kama bibi huyu anaweza kumeza, kusimama, kufika chooni na kutambua kidonge kipi ni cha asubuhi, na kwa mgonjwa wa ubongo majibu ya maswali hayo manne yanaeleza zaidi kuliko idadi ya magonjwa yake.

Suala la fedha linaingia hapa kwa namna isiyotarajiwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo kutibiwa bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Msamaha huo una maana kubwa siku ya kumwona daktari, na maana ndogo pale dawa isipokuwapo hospitalini na jamaa wakaelekezwa duka la nje. Hapo uchaguzi wa dawa hufanyika kweli, lakini haufanywi na daktari. Hufanywa na mpwa aliyesimama kaunta na noti mbili mkononi, akiuliza, "Kati ya hizi, ipi ya lazima?" Muuza dawa humjibu kwa bei. Watetezi wa tiba kamili hawana budi kukiri kwamba agizo la dawa kumi kwa familia ya namna hii linageuka kuwa agizo la dawa tatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Daktari asipopanga dawa kwa umuhimu wake, mfuko utazipanga.

Watu wa upande wa kwanza wana onyo moja ambalo sijaweza kulijibu kwa kujiridhisha. Wanauliza: uamuzi wa kuacha kutibu ugonjwa fulani utafanywa na nani, kwa mgonjwa asiyeweza kusema au asiyekumbuka? Kwetu mgonjwa mzee ni wa ukoo. Mtoto mkubwa anaweza kutaka kila kitu kifanyike kwa sababu anaogopa lawama za msibani, na mwingine akataka mambo yaishe kwa sababu ndiye anayelipa na ndiye anayefua mashuka. Daktari akisema "tuache dawa hii", mmoja anasikia busara, mwingine anasikia kwamba mama ametupwa. Sisi wenyewe tulinuniana kwa wiki mbili juu ya atovastatini, dawa ambayo hakuna kati yetu aliyejua kazi yake kabla ya mwezi ule.

Aliporuhusiwa alikuwa na dawa tano. Glibenklamidi, diklofenaki, amitriptilini, Plasil na Artane ziliondolewa. Mkono haukuacha kutetemeka siku ile, ulichukua kama miezi mitatu kutulia. Orodha iliandikwa kwa kalamu nzito, nasi tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, jina la dawa, saa yake na kazi yake. Tulipompeleka kliniki ya sukari, tabibu aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa kalamu na kuongeza dawa ya sita chini kabisa: Plasil, endapo tumbo litasumbua.